Polska ya Kutoka kwa Elof

Stockholm, 14 Januari 2017

Mama mdogo Gunvor,

Nilikuwa nimeshashika simu nikupigie, nikakumbuka kwamba kifaa chako cha sikioni hupiga mluzi ukiongea na simu, na kwamba hata kisipopiga mluzi wewe huitikia "ndiyo, ndiyo" kwa kila kitu halafu unakata. Kwa hiyo naandika. Usiucheke mwandiko wangu, ni miaka mingi sijashika kalamu ila kusaini.

Nimechoka, mama mdogo. Nalitanguliza hilo ili usinisumbue kuniuliza. Kazi yangu unaijua: watu watatu tunaingia asubuhi kwenye chumba kisicho na dirisha, jioni tunatoka na wimbo, na wimbo unakwenda kuimbwa na msichana wa Korea au kijana wa Marekani ambaye sitamwona maisha yangu yote. Miaka kumi na minne sasa. Mama alikufa bila kunisikia redioni hata mara moja, ingawa nusu ya alivyokuwa akivisikia humo vilitoka kwangu.

Sasa nimepata nafasi. Kampuni imekubali nitoe albamu yangu mwenyewe, kwa jina langu na kwa sauti yangu hii ya kukwaruza. Nimeweka humo kila nilichonacho. Kuna ngoma za kompyuta na fidla, kuna vinanda vya umeme, kuna ule mwito wa kuita ng'ombe uliokuwa ukiniitia kula, na kuna disko moja ambalo katikati linageuka valsi. Prodyuza wangu anasema nimemwaga droo zote za jikoni sakafuni. Mimi naona ndivyo nilivyolelewa: majira ya baridi mjini na redio ya mama, majira ya joto huko kwako na fidla.

Katikati ya albamu nimeiweka polska ya babu, ule wimbo wake wa fidla wa kuchezea dansi. Ndiyo iliyowafanya wakubali. Pernilla, bosi wa kampuni, aliponisikia naipiga kwenye kinanda aliuliza nimeipata kwa nani. Nikasema kwa babu yangu Elof, mfanyakazi wa kiwanda cha mbao, mtu asiyezungumza. Akasema basi hilo ndilo jina la albamu: Kutoka kwa Elof. Jalada litakuwa ile picha ya babu ameketi kwenye ngazi, mkono mmoja mfukoni. Wanasema anavutia kuliko mimi, na kwa kweli anavutia.

Naomba uje mwezi wa tatu uipige mwenyewe. Siku moja tu. Nitakupokea stesheni, na maandazi ya iliki nitakayokununulia utayakosoa mpaka uchoke.

Wako,
Tova

*

Norrbäck, 22 Januari 2017

Tova mwanangu,

Barua yako imenifikia ikiwa imelowa, kwa sababu aliyeitoa sandukuni ni Holger, na Holger hana mfuko usio na theluji. Anakuja kila asubuhi kunipigia koleo njia ya mlangoni. Hiyo ni sababu anayoitoa. Sababu ya kweli ni kahawa. Miaka karibu hamsini tumepiga fidla tumekaa kiti kwa kiti, na hajawahi kuja na sukari yake.

Kama umechoka, lala. Mama yako alikuwa vivyo hivyo, alidhani uchovu ni jambo la kuzungumzwa.

Stockholm siji. Vidole vyangu vimevimba kwenye maungio na tangu mwaka juzi fidla imekaa ukutani. Huwa naishusha kuipangusa vumbi tu. Halafu hiyo polska sio nzuri kama unavyofikiri. Ni ndefu, inazungukazunguka. Kuna polska za Grötlings Anders ambazo ni fupi na safi, na yeye amekufa tangu enzi za bibi yangu, hatakusumbua. Chukua hizo. Nakutumia nota za tatu, mwandiko wangu unasomeka.

Na babu yako hakupenda kusemwasemwa. Picha ile ilipigwa kwa kumshtukiza. Mtafutie kampuni yako mzee mwingine, mkoa wetu wa Dalarna umejaa wazee wa fidla.

Vaa soksi za sufu.
Gunvor

*

Stockholm, 5 Februari 2017

Mama mdogo,

Nota zimefika, ahsante. Nimezipiga zote tatu. Ni safi, na hakuna hata moja inayonishika shingoni kama ile ya babu.

Niseme wazi kwa sababu wewe husemi. Naona unaona haya. Unaona nimeichukua mali ya nyumbani nikaivalisha viatu vya disko niitembeze mjini. Ulipoisikia ile kazi yangu ya kwanza, ulisema "inasikika", basi. Nimekaa na neno hilo miaka kumi na minne.

Lakini hii sio ya kuuza tu. Nina miaka thelathini na mitano, na nikikosa hii hawatanipa nyingine. Pernilla aliniambia usoni bila ubaya wowote: bila Elof hakuna albamu, kuna wimbo mwingine wa kumpa mtu mwingine. Ukikataa kupiga nitatumia ile kaseti uliyorekodi jikoni mwaka 1990, ambayo mnasikika wewe na birika. Nitaisafisha. Birika nitaliacha.

Ningependa uwe upande wangu. Naandika hili nikiwa na hasira, na sitaliandika upya.

Tova

*

Norrbäck, 11 Februari 2017

(Kwenye kadi ya posta yenye picha ya kanisa)

Tova. Fanya utakavyo. Nyuzijoto zimeshuka hadi ishirini na nane chini ya sifuri na bomba la zizini limepasuka, kwa hiyo sina nafasi ya mambo mengine. G.

*

Stockholm, 18 Februari 2017

Mzee Holger,

Shikamoo. Ni Tova, yule mpwa wa Gunvor aliyewahi kukukalia kofia kanisani.

Nakuandikia kwa siri, na najua huwezi kutunza siri, lakini sina mwingine. Mama mdogo amenikasirikia. Nilimwomba ruhusa ya kuiweka polska ya babu Elof kwenye albamu, akaniandikia habari za Grötlings Anders, halafu za bomba. Nimemkosea wapi? Kama ni ngoma za kompyuta aseme, nitaziteremsha.

Na nina swali la kazi. Kuna mpiga fidla wa hapa mjini atakayeipiga juu ya kaseti ya jikoni ya mama mdogo, kijana hodari, naye anataka kusikia Elof mwenyewe alivyokuwa akiuvuta upinde pale kwenye mzunguko wa pili. Nimetafuta kwenye hifadhi ya kanda za wapiga fidla wa Dalarna. Babu yumo, anapiga valsi mbili na machi moja ya gwaride. Polska yake haimo, na hiyo ndiyo inayojulikana kuliko zote. Je, kuna mtu aliyewahi kumrekodi?

Wako mtiifu,
Tova

*

Norrbäck, 25 Februari 2017

Tova, mkalia kofia,

Ile kofia ninayo bado na haijapata tena umbo lake.

Kwamba siwezi kutunza siri ni uzushi wa Gunvor. Ninazo siri mbili, moja ni ya mke wangu marehemu na nyingine nitakueleza kwa nini sikuelezi.

Hapa kwetu, unakumbuka, mtu akimaliza kupiga polska anaulizwa kitu kimoja tu: umeipata kwa nani? Haulizwi imetungwa na nani, hilo ni swali la watu wa mjini wenye mikataba. Anataja mtu aliyeitia mikononi mwake. Na akishamtaja, humbishii. Kumbishia ni sawa na kumpekua mifuko mbele za watu. Ndiyo maana mimi na wenzangu wa umri wangu hapa Norrbäck tumekaa na jambo moja miaka yote hii, tunalitazama, tunakunywa kahawa.

Hujakosea chochote kuhusu ngoma. Gunvor hajali ngoma. Mwezi uliopita alinikuta naimba wimbo wa tangazo la sabuni akanisahihisha.

Kuhusu Elof kurekodiwa: hapana. Nitakupa habari moja tu, na sio siri kwa sababu iko kwenye kitabu cha ajali cha kiwanda cha mbao. Mwaka 1947, miaka mitatu kabla Gunvor hajazaliwa, msumeno ulimkata Elof kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, chote, hadi kwenye kiganja. Ndiyo sababu picha zake zote mkono uko mfukoni. Ulikuwa mdogo alipofariki, na kwenu hamkuwa watu wa kulisema. Aliendelea kupiga kwa vidole vitatu, maana gumba halibonyezi uzi, valsi na machi, na alipiga vizuri kwa mtu wa vidole vitatu.

Sasa chukua fidla, funga kidole chako cha mwisho, upige hiyo polska. Ukimaliza usiniandikie mimi. Mimi nilikuwa dereva tu siku ile.

Kwa heri, na usinitaje,
Holger

*

Stockholm, 3 Machi 2017

Mama mdogo,

Niliazima fidla. Nilikifunga kidole cha mwisho kwa plasta pamoja na mwenzake, nikaketi jikoni. Unajua mimi fidla ni ya kubahatisha, lakini polska hii hata nikiwa na homa vidole vinaijua.

Nilikwama kwenye mstari wa kwanza. Kidole kile kinatakiwa kibonyeze uzi mnene na kibaki pale pale wakati vingine vinapanda, na kinatakiwa tena kwenye mstari wa tatu, na mzunguko wa pili wote umekaa juu yake. Nilijaribu kukwepa kwa kuusogeza mkono mzima. Ikawa sio polska ile tena. Hakuna mtu wa vidole vitatu aliyewahi kuipiga, mama mdogo, na hakuna mtu wa vidole vitatu aliyewahi kumfundisha mwenzake.

Hakuna aliyeniambia zaidi ya hapo. Sitaki kukupekua mifuko. Lakini jalada linakwenda mtambani tarehe tano Aprili likiwa na jina la babu, na mimi nimekaa hapa na plasta kidoleni sijui naweka nini sokoni.

Pole kwa barua ile ya hasira. Nilidhani unanionea haya mimi.

Tova

*

Norrbäck, 12 Machi 2017

Tova mwanangu,

Holger amekuja siku nne mfululizo bila kunitazama usoni na leo ameleta sukari. Basi nimejua.

Nitaandika mara moja, na ukimaliza kusoma iweke jikoni kwenye moto. Nasema jikoni nikijua mnapikia umeme. Utaona utakavyofanya.

Niliitunga mimi. Ilikuwa juma lile la mwaka 1968 ambalo mama yako aliondoka na basi kwenda Stockholm na kuniachia ng'ombe saba na baba asiyezungumza. Nilikuwa nakamua, na kila nikikamua inakuja kipande. Nilimkasirikia dada yangu Barbro hata sikuweza kulia, na polska ikawa ndefu kwa sababu hasira ilikuwa ndefu. Sikumpigia mtu. Msichana wa miaka kumi na minane kutunga polska, wakati ule, kwetu, ilikuwa sawa na kujitangazia kwamba wewe ni bora kuliko wenzako. Watu wangenikata maini kwa tabasamu tu.

Mwaka uliofuata nikaenda mbele ya majaji kuitafuta beji ya fedha ya wapiga fidla. Wewe hukuwahi kukaa mbele yao. Watu watano kwenye meza, jagi la maji, kimya. Unapiga nyimbo za kwenu ulizozipata kwa watu waliokutangulia, na baada ya kila mmoja wanakuuliza umeipata kwa nani, wanaandika. Nilipiga tatu nilizojiandaa nazo. Walinong'ona. Yule wa katikati akasema, "Moja zaidi." Kichwa kikawa kitupu kabisa, sikumkumbuka Grötlings Anders wala nani. Vidole vikaenda kwenye ile.

Nilipomaliza aliweka kalamu chini. "Hii sijawahi kuisikia. Umeipata kwa nani, binti?"

Ningesema ni yangu wangetabasamu, wakaniambia nirudi mwakani na kitu cha kweli. Nikasema, "Kwa baba."

Baba alikuwa ameketi nyuma karibu na mlango, mkono mfukoni. Wote watano waligeuka wakamtazama. Aliinamisha kichwa. Mpaka leo sijui kama alikubali au aliona haya. Wakaandika. Nikapewa beji.

Tulirudi kwa gari la Holger. Baba alikaa mbele, mkono mfukoni, mpaka tukavuka daraja la pili. Ndipo akasema, "Sikujua kama najua polska nzuri hivyo." Basi. Hakulitaja tena mpaka anakufa. Watu walipomwomba aipige alisema mikono imechoka, mwombeni Gunvor.

Kwa hiyo, mwanangu, nimeipiga polska yangu karibu miaka hamsini, na kila mara nikasimama nikasema ni ya baba. Nimewafundisha watu arobaini, nao wamesema ni ya Elof. Imepigwa harusini, imepigwa kwenye maziko ya baba mwenyewe, kasisi akamsifu kwayo na mimi nimeketi mstari wa mbele. Nimechoka kulibeba jambo hili, sikufichi. Lakini nimelizoea kama nilivyozoea goti. Beji naivaa kila majira ya joto. Ukisema ukweli, mimi ni mwongo wa beji na baba ni mwongo kaburini, naye hana mdomo wa kujitetea, hata alipokuwa nao hakuutumia. Ukiandika Elof, unauchukua uongo wangu wa kijijini unaupeleka dunia nzima na picha yake juu.

Naomba uitoe. Najua albamu inaanguka. Najua ninachokuomba, na ninaomba.

Gunvor

*

Stockholm, 2 Aprili 2017

Mama mdogo,

Barua sijaichoma. Nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo.

Nilikwenda kwa Pernilla tayari kuitoa. Nilikuwa na sentensi zangu zote, nimeketi kwenye kochi lao la kijivu, na kabla sijafungua mdomo akaniuliza kwa kupitisha muda tu: "Kwani babu alikufundisha lini, ukiwa mtoto?" Nikafungua mdomo kujibu. Nikajikuta nahesabu miaka.

Babu alifariki nikiwa na miaka sita. Alichonipa ni peremende za chumvi, na kila mara alizitoa mfukoni kwa mkono wa kulia. Polska nilifundishwa nikiwa na miaka minane, jikoni kwako, mvua ya mwezi wa saba, umeniketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa sababu viti vilikuwa virefu. Ulinishika kidole cha mwisho ukakibonyeza kwenye uzi, ukasema, "Hiki kibaki hapa, hata kikiuma." Kiliuma. Ulinipa andazi.

Mtu aliyeitia mikononi mwangu ni wewe. Kwa desturi ya kwetu nilitakiwa kukutaja wewe tangu siku ya kwanza, iwe wewe uliitoa wapi. Nilikuruka kwa sababu mzee wa kiwanda cha mbao anasikika vizuri zaidi mbele ya watu wa kampuni. Kosa hilo ni langu, usijibebeshe.

Kwa hiyo nimemwambia Pernilla libadilishwe. Itaandikwa hivi: Polska, kutoka kwa Mårs Gunvor, Norrbäck. Nimelitanguliza jina la shamba lenu, Mårs, kama ilivyo desturi; hakuna neno la ziada. Sikumtaja babu kwa wema wala kwa ubaya, na beji yako haijaguswa. Ni kweli tupu, mama mdogo. Mtu yeyote wa Norrbäck akiniuliza nitamjibu hivyo hivyo nikimtazama machoni.

Pernilla hakufurahi. Alisema babu ni hadithi, mama mdogo ni jamaa tu. Jalada la Elof limekufa, jina la albamu limekufa, na kile kipindi cha televisheni walichokuwa wameniahidi wamempa mtu mwingine. Albamu itatoka Novemba badala ya Mei, bila jina, bila picha, kimya kimya, maana mkataba unawalazimu. Jumatatu narudi kwenye chumba kisicho na dirisha. Kuna msichana wa Norwei anahitaji wimbo wa kuachwa. Hata sina nguvu ya kusikitika vizuri.

Lakini wewe ndiye mwenyewe. Kama hutaki, niandikie neno moja tu kabla ya tarehe ishirini, nami nitaitoa, na hatutalizungumza tena. Ukinyamaza, nitahesabu kwamba umeinamisha kichwa.

Tova

*

Norrbäck, 16 Julai 2018

Tova mwanangu,

Mwaka mzima umepita na mimi nimenyamaza, na naona ulinielewa. Kalamu niliishika mara mbili kabla ya tarehe ile ishirini. Mara zote mbili nikaamua bora nikapasue kuni.

Sahani ya santuri uliyonitumia Krismasi sikukushukuru nayo. Mimi sina mashine, kwa hiyo niliisikiliza kwa Holger. Ngoma zako ni kelele. Lile disko Holger alilicheza jikoni, lilipogeuka valsi hakugeuka nalo, goti likamlaza siku tatu. Mwito wa ng'ombe umeuweka juu mno, ng'ombe yeyote angekimbilia Norwei. Polska tuliisikiliza mara moja, tukanywa kahawa, tukairudia. Birika umeliacha kweli. Holger aliangalia dirishani akasema kijana wa mjini anaupiga vizuri mzunguko wa pili. Nami nikasema ndiyo. Jina langu lililoandikwa pale nimelisoma mara nyingi kuliko nitakavyokiri.

Nasikia haikuuzwa. Pole, mwanangu. Nasema kwa moyo, sio kwa desturi.

Sasa kilichonifanya niandike. Jumamosi ilikuwa mkutano wa wapiga fidla, pale pale siku zote, watu wamejaa hadi kwenye maegesho ya magari, kila kichaka kina polska yake. Mimi sipigi tena, naketi kwenye kiti cha kukunja na chupa ya kahawa, Holger ananiletea habari za nani amezeeka. Nyuma ya magari nikaisikia. Ikipigwa na mtu nisiyemjua. Nikainuka nikaenda.

Ni mwanamke wa kama miaka thelathini, nywele za kijani, ametoka Gothenburg, huko kwa watu wanaosema kila kitu wakicheka. Aliipiga kwa kasi na kwa pembe ngeni, kama ilivyo kwenye santuri yako, na watu watatu wanne wamesimama wakigonga mguu. Alipomaliza nikamuuliza kama tunavyouliza.

"Kutoka kwa Mårs Gunvor," akasema. "Wa Norrbäck. Alishakufa zamani, nadhani."

Holger alipaliwa na kahawa ikabidi apigwe mgongoni.

Nikamuuliza, na huyo Gunvor yeye aliipata kwa nani? Sijui kwa nini niliuliza. Hatuulizi hivyo. Yeye alikuwa anapangusa fidla, hakuinua hata kichwa, akasema hilo halikuandikwa, labda aliitunga mwenyewe. Alilisema hivi hivi tu, kama mtu anayesema labda mvua itanyesha. Hakutabasamu. Wale wengine pia hakuna aliyetabasamu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Tova, nilipolijibu swali lile vibaya. Nina miaka sitini na minane.

Nikasema, "Aliitunga mwenyewe. Zizini, akikamua."

"Kumbe ulimjua, bibi?"

Nikamwambia nilimjua, alikuwa mtu mwenye hasira ndefu. Halafu nikamwambia kuna mahali anapokosea, kwenye mstari wa tatu, hukosea wote walioipata kwenye santuri. Nikamwomba fidla. Alinipa. Nilimwonyesha kidole cha mwisho kinakaa wapi, na kwamba kibaki pale pale hata kikiuma.

Leo ni Jumatatu na mkono bado umevimba, ndiyo sababu mwandiko uko hivi.

Njoo mwezi wa nane, uyoga utakuwa umetoka. Ndoo ipo.

Gunvor